Kabla hujanunua kiyoyozi kipya, uliza cha zamani kimeharibiwa na nini

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya ofisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi wa Mombasa katika kikao cha mtaa. Tumeyachapisha kwa ombi la waliohudhuria, na kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kufika.



Nimeombwa nizungumze kuhusu gharama ya kubadilisha kiyoyozi cha nyumbani, kile ambacho wengi wetu tunakiita AC. Najua wapo miongoni mwenu wanaojiuliza: kaunti ina barabara, ina taka, ina hospitali, viyoyozi vya watu vinaihusu nini? Ni swali la haki. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya kuondoa taka, kudhibiti kelele na uchafuzi wa hewa, na kuzima moto. Kiyoyozi kilichofungwa vibaya kinagusa yote hayo: mashine iliyotupwa kando ya barabara, mngurumo dirishani kwa jirani, gesi inayoachiwa hewani, na waya uliopata moto usiku watu wakiwa wamelala.

Lakini leo sitaanza na sheria. Nitaanza na chumba cha mama yangu.

Mama anaishi Tudor, ghorofa ya juu kabisa, nyumba inayotazama maji. Ana umri wa miaka 71 na anatumia dawa za presha. Mnajua wenyewe joto la Januari hadi Machi hapa kwetu: zege la dari hunyonya jua mchana kutwa, na usiku hulirudisha chumbani. Marehemu baba alimnunulia kiyoyozi miaka 11 kabla ya haya ninayowasimulia. Kikafanya kazi vizuri, mpaka siku moja kikawa kinapuliza upepo tu, baridi hakuna.

Fundi akaitwa. Akaangalia kwa dakika kumi, akasema, "Mama, gesi imeisha. Tujaze." Mama akanipigia simu, nami nikatuma shilingi 6,500 kwa M-Pesa. Baridi ikarudi. Baada ya miezi mitano ikapotea tena. Fundi akaja, akajaza, shilingi 6,500. Safari hiyo mimi nilikuwa sina kitu, kwa hivyo mama alitoa pesa za chama alizokuwa ameziweka kando kwa karo ya mjukuu wake. Mara ya tatu bei ilikuwa imepanda, shilingi 7,000. Ndani ya miezi 15 tulikuwa tumelipa shilingi 20,000, na mama bado alikuwa analala mlango wazi akijipepea kwa kipepeo cha ukili.

Mimi nimesomea uandishi wa habari. Kazi yangu ni kuuliza maswali. Kwa miezi 15 sikumwuliza fundi yule hata swali moja.

Mara ya nne jirani alituelekeza kwa fundi mwingine. Huyu hakuja na mtungi wa gesi mkononi. Alijaza naitrojeni kwenye mabomba, akapaka povu la sabuni kila penye kiungo, kisha akapanda kuitazama mashine ya nje. Alipoteremka aliniita kando: "Ndugu yangu, gesi haikuisha. Imekuwa ikivuja. Koili ya nje imeliwa na chumvi."

Gesi haiishi, huvuja

Kama mtaondoka hapa na jambo moja tu, liwe hili. Gesi ya kiyoyozi si kama mafuta ya gari. Mashine haiichomi wala haiitumii ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inachukua joto la chumbani na kulitoa nje, kisha inarudi kuchukua jingine. Gesi iliyotiwa kiwandani inatakiwa kubaki humo maisha yote ya mashine. Ikipungua, kuna tundu mahali fulani. Anayejaza bila kulitafuta tundu hilo amekuuzia baridi ya miezi michache. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi kwa uzembe wangu tulikuwa tunajenga ukuta.

Kwa hiyo fundi akikwambia gesi imeisha, mjibu kwa upole: "Sawa, imetokea wapi?" Asipoweza kukuonyesha, bado hujapata jibu, na usilipe.

Kupungua kwa baridi pia hakumaanishi kila mara kwamba mashine imekufa. Huenda chujio la ndani limejaa vumbi. Hilo unalitoa mwenyewe, unaliosha kwa maji, unalianika kivulini na kulirudisha. Huenda kapasita, kifaa kidogo kinachosaidia kompresa na feni kuanza kuzunguka, imekufa. Ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini. Huenda ni mota ya feni. Huenda ni bodi ya umeme iliyoungua baada ya stima kupotea na kurudi kwa nguvu. Wapo watu waliong'oa mashine nzima kwa sababu ya kapasita, na wapo waliobadilisha kompresa, kifaa cha bei kubwa kuliko vyote, ndani ya mashine ambayo mwili wake ulikuwa umeshaoza. Wote wawili walipoteza pesa.

Kutengeneza au kubadilisha

Mafundi wengi wana kipimo chepesi, nami nimeona kinafaa. Kama matengenezo yatafika nusu ya bei ya mashine mpya, na mashine uliyo nayo ina umri wa miaka kumi au zaidi, badilisha. Kama ni changa na iliyoharibika ni sehemu ndogo, tengeneza. Hapa pwani punguza miaka kidogo kwenye kipimo hicho, kwa sababu upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula alumini na shaba. Mashine iliyofungwa Tudor, Nyali au Likoni ikitazama maji haiwezi kuishi sawa na ile iliyofungwa bara.

Kuna swali jingine: inatumia gesi gani? Jina la gesi limeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. Ukiona R22, jua kwamba ni gesi inayoondolewa sokoni duniani kote. Inaharibu tabaka la ozoni, na iko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Kwa nchi zinazoendelea kama Kenya, ratiba ya mkataba huo ilitaka gesi za jamii hiyo zipunguzwe kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na ifikapo 2030 ziwe zimekwisha, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Bidhaa inayopungua hupanda bei. Ukitumia pesa nyingi kufufua mashine ya R22 leo, unajifunga na gesi ambayo kesho itakuwa ngumu zaidi kupatikana.

Pia usikubali kamwe mtu akutilie R410A au R32 ndani ya mashine ya R22 eti "gesi ni gesi". Hizo mbili hufanya kazi kwa shinikizo kubwa zaidi, na mafuta yanayolainisha kompresa zake si yale ya R22. Mashine itakufa, na mabomba yanaweza kupasuka.

Kiyoyozi cha mama kilikuwa na miaka 11, gesi R22, koili imeliwa. Kilikuwa kimefika mwisho. Hapo ndipo nikauliza swali la pili ambalo ningepaswa kuliuliza zamani: kwa nini kimeliwa? Fundi akanionyesha. Mashine ya nje ilikuwa imetundikwa ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri na upepo wa maji pamoja. Kama ningenunua mpya na kuitundika palepale, ningekuwa nimeipeleka kwenye kaburi la mwenzake. Tukakubaliana ihamishiwe upande wa ua, penye kivuli na nafasi ya hewa kupita. Uamuzi huo uliongeza urefu wa mabomba, na pesa pia, kama mtakavyosikia.

Bei ya dukani na bei ya ukutani

Dukani, kibandiko cha mashine niliyoichagua kilisema shilingi 62,000. Ni kiyoyozi cha inveta cha BTU 12,000. Nilidhani nikiwa na 70,000 nimemaliza. Namshukuru fundi huyu wa pili, kwa sababu alikataa kuanza kazi kabla hajaniandikia hesabu yote. Nitawasomea kama ilivyokuwa. Bei hubadilika, na za kwenu zitakuwa nyingine, lakini vipengele ndivyo hivi:

Kiyoyozi chenyewe: shilingi 62,000.
Ufundi wa kufunga, pamoja na kung'oa cha zamani na mita 3 za mabomba: 10,000.
Mabomba ya shaba ya ziada, mita 4 kwa 1,800 kila mita: 7,200.
Waya mpya na breka yake ya pekee kwenye boksi la stima: 6,500.
Vyuma vya kubebea mashine ya nje: 2,500.
Bomba la kutoa maji: 1,200.
Kifaa cha kukinga mashine na stima inayopanda na kushuka: 3,500.

Jumla shilingi 92,900. Juu ya bei ya kibandiko ziliongezeka shilingi 30,900, karibu nusu ya bei ya mashine. Na hakuna kipengele hata kimoja humo ambacho ni hila. Nilimwuliza fundi kila kimoja ni cha nini.

Mabomba ya zamani hayakufaa kutumiwa tena: yalikuwa na mabaki ya mafuta ya R22, na gesi mpya ina shinikizo kubwa. Breka ya pekee ni ili kiyoyozi kisichangie waya na pasi au jiko, kwa sababu waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mkubwa hupata moto ndani ya ukuta. Bomba la maji lisipoelekezwa vizuri, jirani wa chini atadondokewa usiku kucha, na hilo ni chanzo cha ugomvi ambao ofisi zetu zinaufahamu. Kifaa cha kukinga stima hulinda bodi na kompresa siku stima inapopotea na kurudi ghafla.

Kuna kazi moja haimo kwenye orodha hiyo, kwa sababu ni sehemu ya ufundi wa kufunga, nayo ndiyo inayorukwa zaidi. Baada ya mabomba kuunganishwa, fundi anatakiwa kuyafyonza hewa na unyevu kwa pampu maalumu kabla ya kufungulia gesi. Huchukua muda, nusu saa hivi. Asiye na pampu hiyo atakwambia haina haja. Ina haja. Unyevu ukibaki ndani hugeuka asidi na kuila kompresa polepole, na utakapokuja kujua, fundi yule ameshabadilisha nambari ya simu. Mwulize kabla: "Pampu ya kufyonza hewa unayo? Nionyeshe."

Ukubwa unaofaa chumba chako

Pesa nyingine hupotea kwa kununua mashine isiyolingana na chumba. BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza. Kwa makadirio ya kuanzia, chukua mita za mraba za chumba, zidisha kwa 600. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni mita 16 za mraba. Ukizidisha unapata 9,600. Mashine za nyumbani huuzwa kwa 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Kama chumba hicho kiko chini na kina kivuli, ya 9,000 inaweza kutosha. Kama kiko ghorofa ya juu chini ya zege, au chini ya mabati yasiyo na dari, kama cha mama, chukua 12,000.

Wengine hudhani kubwa ni bora. Mashine kubwa kupita kiasi hupoza hewa haraka, ikajizima kabla haijatoa unyevu. Unabaki na chumba chenye ubaridi wa majimaji, shuka zinanata, na kuta zinaota ukungu. Ndogo kupita kiasi nayo haipumziki usiku kucha, na mita ya stima haipumziki pia.

Bei unayolipa kila mwezi

Gharama ambayo haimo kwenye karatasi yoyote ya duka ni tokeni. Sitawapa makadirio ya kampuni. Nitawapa njia ya kupima wenyewe. Soma salio la yuniti kwenye mita yako ya tokeni kabla ya kulala, soma tena asubuhi. Fanya hivyo usiku mmoja kiyoyozi kikiwaka, na mwingine kikiwa kimezimwa. Tofauti ndiyo kinachokula.

Mita ya mama, nyumba nzima na friji ikiwemo, ilionyesha yuniti 8 kwa usiku mmoja enzi za mashine ya zamani, kabla haijaanza kuvuja. Mashine mpya ilipofungwa ikaonyesha 5. Tatu zimeokolewa kwa usiku, 90 kwa mwezi. Ili kupata bei ya yuniti moja, chukua risiti yako ya tokeni, gawanya pesa zote ulizolipa kwa yuniti ulizopewa. Kodi na ada zimo humo. Tuseme kwa mfano imetoka shilingi 30. Yuniti 90 ni shilingi 2,700 kwa mwezi. Kwa miezi mitano ya joto ni shilingi 13,500.

Siwezi kudai kwamba yote hayo yametokana na inveta. Mashine ya zamani ilikuwa imechoka pia. Lakini tofauti ya utendaji inaeleweka. Kiyoyozi cha kawaida huwaka kwa nguvu zote, kikazima, kikawaka tena. Cha inveta hupunguza mwendo wa kompresa chumba kikishapoa, kikaendelea taratibu. Kwa anayelala nacho saa nane, bei yake ya juu hurudi. Kwa anayekiwasha saa moja wageni wakija, huenda isirudi, na mashine ya kawaida ikamtosha. Tazama maisha yako kabla ya kutazama tangazo.

Kuna msaada wa kisheria hapa. Chini ya kanuni za nishati, viyoyozi vya nyumbani vinavyouzwa Kenya vinatakiwa kuwa na lebo ya matumizi ya nishati yenye nyota, kuanzia moja hadi tano. Nyota zikiwa nyingi, mashine inatumia stima kidogo kwa baridi ileile. Usimamizi wake uko chini ya EPRA. Muuzaji asipokuwa na lebo, mwulize iko wapi.

Na mkono wako kwenye rimoti una bei yake. Kuweka nyuzi 16 hakufanyi chumba kipoe upesi zaidi. Kunafanya mashine isisimame. Weka 25 au 26, washa pangaboi kwa mwendo mdogo. Pangaboi hula stima kidogo sana ukililinganisha na kompresa, na upepo wake hufanya nyuzi 26 zihisiwe kama 24.

Nyumba kwanza, mashine baadaye

Wazee waliojenga Mji wa Kale hawakuwa na kompresa. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari wakaziinua juu, madirisha wakayaelekeza kwenye upepo wa kusi na kaskazi, na vichochoro wakaviacha vyembamba ili nyumba zitiane kivuli. Sisi tumejenga kwa mabati na zege, kisha tunanunua baridi kwa tokeni.

Hatuwezi kuzibomoa nyumba zetu, lakini yapo ya kufanya kwa pesa ndogo kabla ya kununua mashine kubwa. Paka paa rangi nyeupe. Weka dari chini ya mabati. Tundika pazia zito dirisha la magharibi, au panda mti upande huo kama una kiwanja. Ziba nyufa za mlango na dirisha la chumba kitakachopozwa. Katika chumba cha mama tulipaka zege la juu rangi nyeupe, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, wiki moja kabla ya fundi kuja. Usiku wa kwanza tu, kabla ya kiyoyozi kufungwa, mama alisema dari "imeacha kupumua moto".

Gesi mpya, na mashine ya zamani

Unapochagua mashine mpya, tazama gesi yake pia. Nyingi zilizoletwa miaka iliyopita zina R410A, ambayo haiharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia sana: kilo moja ikivuja ina athari ya zaidi ya tani 2 za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. R32 ina takriban theluthi moja ya athari hiyo. Oktoba 2016, mataifa yalikutana hapa jirani zetu Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo, na R410A ni mojawapo. Ukipata R32 kwa bei inayokaribiana, ichukue. Tahadhari yake ni kwamba inaweza kushika moto ikivuja kwa wingi mahali pasipo na hewa, kwa hivyo ifungwe na fundi aliyefunzwa, na asiwepo mtu wa kuvuta sigara wakati wa kazi.

Sasa ile ya zamani iliyong'olewa iende wapi? Kwa kawaida hupewa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao hukata mabomba kwa msumeno wapate shaba. Gesi yote iliyobaki hutoka kwa mlio mmoja. Kanuni za kudhibiti dutu zinazoharibu ozoni, chini ya sheria ya mazingira na usimamizi wa NEMA, hazikubali gesi hizo kuachiwa ovyo. Mwambie fundi aifyonze kwenye mtungi kabla ya kung'oa. Fundi kamili anacho kifaa cha kazi hiyo. Tafadhali sana, mashine zilizokufa zisitupwe kwenye mitaro wala kando ya barabara. Mvua za masika zinapofika, mtaro ulioziba ndio unaoingiza maji sebuleni kwako.

Linda pesa zako

Mwisho, karatasi. Dai risiti ya ETR, kadi ya dhamana iliyojazwa tarehe na nambari ya mashine, na hesabu ya fundi iliyoandikwa na kutiwa sahihi. Uliza kama dhamana inavunjika ikiwa mashine itafungwa na fundi asiyetambuliwa na muuzaji. Mara nyingi huvunjika. Lipa nusu mwanzo, na nusu baada ya mashine kufanya kazi mbele yako kwa saa nzima. Ukidhulumiwa, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 iko upande wako, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi hizo ziamuliwe ndani ya siku 60.

Basi haya ndiyo maswali matano ya kubeba nyumbani. Cha zamani kimeharibiwa na nini? Gesi imevuja wapi? Hesabu yote, mpaka kiwake ukutani, ni shilingi ngapi? Pampu ya kufyonza hewa unayo? Cha zamani utakipeleka wapi? Fundi mwema hatakasirika kwa maswali haya. Atafurahi kupata mteja anayejua anachonunua.

Zile shilingi 20,000 za gesi hazikurudi. Karo ya mjukuu ilichelewa mpaka muhula wa pili, tukailipa kidogo kidogo. Lakini wiki iliyopita fundi alipokwenda kwa mama kusafisha mashine, nilikuwa nimekaa sebuleni, nikamsikia mama kutoka chumbani: "Mwanangu, kabla hujafungua kitu, niambie unataka kufanya nini, na bei yake niandikie hapa." Akampa daftari na kalamu.

 Sasa niko tayari kwa maswali yenu.